Kumtambua jongoo bahari kwa viungo vyake

Maji ya bamvua yanapokupwa Kunduchi, pwani ya Dar es Salaam, ukitaka kumtambua jongoo bahari, mnyama laini wa baharini mwenye umbo la tango, usianze na rangi, kwa kuwa rangi hudanganya. Anza na ngozi na tundu la nyuma. Jongoo wawili weusi huchanganywa sana. Holothuria atra hujivika mchanga mgongoni, ukiacha madoa ya duara yaliyo wazi, na ukimsugua taratibu kwa kidole chenye maji huacha rangi nyekundu. Holothuria leucospilota kwa kawaida hajivishi mchanga, na akisumbuliwa hutoa nyuzi nyeupe zinazonata mno, kwa hiyo nakusihi usimsumbue ili uzione tu.

Tundu la nyuma likizungukwa na meno matano ya chokaa, huyo ni wa jenasi ya Actinopyga. Mrefu kama nyoka, asiye na vijimiguu na anayeng'ang'ania ngozi ya mkono, ni Synapta au jamaa yake wa karibu.

Uthibitisho wa kuaminika zaidi hupatikana maabara: kipande kidogo cha ngozi huyeyushwa kwa dawa ya klorini ya kufulia, kisha vijifupa vya chokaa vinavyobaki, vyenye maumbo kama meza au vifungo, hutazamwa kwa hadubini.