Kabla hujasimama mbele ya wenzako kazini

Ukipewa nafasi ya kuwasilisha kazi yako, usikariri hotuba nzima. Kariri sentensi mbili tu, ya kufungulia na ya kufungia. Katikati ongea kama unavyomweleza mwenzako wa meza ya jirani, kwa maneno yako ya kila siku. Anayekariri kila neno, likimponyoka moja tu, yote yanapotea.

Fanya mazoezi kwa sauti, ukiwa umesimama. Kusoma kimoyomoyo hakutoshi, maana ulimi nao unahitaji kuzoea. Jirekodi kwa simu, kisha sikiliza ni wapi unaanza kukimbia. Mara nyingi ni pale ambapo wewe mwenyewe hujaelewa vizuri unachokisema. Rudi hapo, ujisomee upya.

Moyo ukidunda dakika za mwisho, vuta pumzi, halafu itoe polepole kuliko ulivyoivuta. Mtafute mtu mmoja anayekusikiliza kwa makini, umwelekezee sentensi yako ya kwanza.

Na ukiulizwa usilolijua, sema: "Hilo sina jibu lake sasa hivi, nitakuletea kesho asubuhi." Kisha liandike palepale, wakuone ukiliandika.