Usimtoroke: mtoto anayepiga mayowe saa ya kulala

Hadi miezi minane binti yangu alikuwa mtoto wa kusifiwa. Akishanyonya namlaza, anatia kidole mdomoni, kwisha habari. Halafu Novemba iliyopita, usiku mmoja, mgongo ulipogusa tu godoro akajikunja kama upinde na kupiga yowe la kumtoa jirani nje na tochi. Tunakaa Mikindani, Mtwara, nyumba zimebanana, ukuta mmoja familia mbili. Usiku wa tatu nikaanza kuulizwa mtoto nimemfanya nini.

Kama na wewe umefika hapo, anza na mwili kabla hujasema ni tabia. Washa taa, mvue nguo zote. Tazama mikunjo ya shingo na mapaja, maana joto letu kabla ya mvua linatoa vipele usiku mmoja. Kagua godoro. Mimi nilikuta sisimizi mmoja nikafurahi, nikajua nimempata mchawi. Kesho yake shuka safi, mayowe yale yale. Kama ana mafua na kilio kinazidi akilala chali, huenda sikio linauma. Akiwa na homa, usisingizie meno. Huku kusini malaria ipo, apimwe siku hiyo hiyo. Na kama hanyonyi kabisa, anatapika kila kitu, amelegea, amepata degedege, au analia kwa vipindi huku akikunja miguu na choo kina damu, hilo si la kusubiri kuche. Nenda usiku huo huo.

Wangu alipimwa, akaonekana mzima. Nesi akaniuliza swali moja tu: "Mchana unamwachaje?"

Nikaona haya kujibu. Mimi ni fundi cherehani. Kila asubuhi mama mkwe alikuwa anambeba kwenda uani kuonyeshwa kuku, na mimi natoka mlango wa mbele nikinyata, ndala mkononi. Nani hajawahi? Tumelelewa hivyo, tunalea hivyo. Lakini kwenye miezi minane hivi mtoto ameshang'amua kwamba mtu asiyeonekana bado yupo mahali. Zamani ukitoka machoni pake umekwisha. Sasa anajua upo, ila hajui utarudi lini, na kila akigeuka umetoweka. Usiku unamwambia fumba macho. Afumbe vipi, na akifumba ndipo mama anatoroka?

Basi dawa yangu ya usiku ilianza asubuhi. Niliaga. Nilimshika mkono nikamwambia, "Mama anaenda kushona, atarudi," nikaondoka akiniona. Alilia mpaka mama mkwe akaninunia: "Unamliza mtoto makusudi." Nikamjibu, "Nivumilie wiki moja, mama." Siku ya sita alinung'unika tu, akarudi kwa kuku wake. Jioni tukawa tunacheza na kanga: najifunika uso, "Mama yuko wapi?", najifunua, "Huyu hapa!" Ukiona mchezo wa kipuuzi, kumbuka ndiyo mazoezi yenyewe ya kuondoka na kurudi.

Kosa langu la pili lilikuwa hesabu. Nilimnyima usingizi wa alasiri ili usiku achoke. Aliyechoka kupita kiasi halali, anapandisha. Mtoto wa miezi 4 hadi 12 anahitaji saa 12 hadi 16 za usingizi kwa siku nzima, na za mchana zimo. Wangu nilimhesabia, hazikufika hata 11. Nikamrudishia: kwenye saa nne asubuhi na kwenye saa nane mchana. Usiku sikumngoja tena asinzie mapajani kwa watu saa tatu. Akianza kupikicha macho tu, safari imeanza.

Safari yenyewe fupi, na haibadiliki. Beseni la maji vuguvugu, mafuta ya nazi, ananyonya, kisha chini ya neti, chali, mimi nimekaa pembeni taa imezimwa. Adhana ya Isha kwa kawaida inatukuta hapo. Namlaza bado anapepesa macho, maana akisinzia kifuani akazindukia godoroni, nimeshamtoroka tena. Akilia naweka kiganja kifuani pake na kusema maneno yale yale, "Mama yupo, lala." Akipoa natoka kidogo, nakunywa chai jikoni, narudi kabla hajafika kwenye yowe. Usiku wa kwanza nilirudi mara kumi na moja. Wa nne, mara tatu. Wapo wanaomwacha alie mpaka achoke. Kwa ukuta wetu huu nisingethubutu, na moyo wangu pia haukutaka. Njaa ikimwamsha usiku, namnyonyesha gizani bila maongezi.

Usiku wa pili umeme ulikatika, feni ikasimama, naye akalia karibu saa nzima mpaka nikahisi mikono inaniwasha. Hapo ujue: mlaze mahali salama, toka nje, pumua, mwite mtu. Usimtikise hata kidogo, ubongo wa mtoto unaumia.

Utashauriwa mengi. Mama mkwe alileta mvuje kwenye kitambaa cheusi. Nilimwomba tuutundike ukutani badala ya shingoni, maana kamba shingoni inaweza kumkaba, na amani ikapatikana. Dawa ya mafua ya kumlevya alale nilikataa. Na atakayekwambia mtoto ana meno ya plastiki yang'olewe, mchukue mwanao mwondoke. Hakuna meno ya plastiki. Wanachokwangua ni fizi na jino halisi linalokuja, na watoto wamekufa kwa damu na maambukizi.

Siku ya tisa alilala bila yowe. Kisha baba yake akarudi kutoka Tandahimba kwenye msimu wa korosho, mtoto akamtazama kama mkusanya kodi, tukaanza upya. Safari hii zilikuwa siku tatu tu. Siku hizi hata akienda kununua vitumbua hapo kona, baba mtu anasimama mlangoni kwanza na kuaga.