Leza, halawa au wembe: mwambie msingaji harusi ni lini

Bibi harusi akinijia hapa Kibokoni, Mombasa, kusingwa, yaani kusuguliwa mwili kwa manukato, kwanza namuuliza: harusi lini? Akisema wiki mbili zijazo, habari ya leza ya kuondoa nywele tunaiweka kando. Mwanga wa leza hufuata weusi ulio ndani ya unywele, ukageuka joto na kuunguza shina. Lakini hushika zile nywele zinazokua wakati huo tu, na nyingine huwa zimelala. Ndiyo maana hurudiwa mara sita hadi nane, kila baada ya wiki nne hadi sita. Anayeitaka aanze mwaka mmoja kabla, na ajue kuwa nywele hupungua sana ila chache hurudi. Mvi haziguswi kabisa.

Sisi wenye ngozi nyeusi tuna la kuuliza kabla ya kutoa pesa: mashine yenu ni aina gani? Weusi ule ule uko pia kwenye ngozi, na mwanga usiofaa huacha malengelenge na mabaka. Inayotufaa zaidi ni leza aina ya Nd:YAG, yenye mawimbi ya nanomita 1064, ambayo hupenya chini bila kunyonywa sana na ngozi ya juu. Alexandrite ya 755 waachie weupe. Mhudumu asiyeweza kukujibu hilo, au asiyetaka kujaribu kwanza mahali padogo, muage. Mwenye mimba naye angoje ajifungue.

Ukishaanza leza, using'oe nywele kwa halawa (sukari iliyopikwa), uzi wala kibano, maana shina likitoka leza haina cha kuunguza. Wembe ruhusa. Na jua la Nyali likae mbali nawe.

Sasa halawa, ambayo ndiyo kazi yangu. Vikombe viwili vya sukari, robo kikombe ya maji ya ndimu, robo ya maji ya kawaida. Pika kwa moto mdogo, usiondoke jikoni, mpaka rangi iwe kama asali. Ukiepua mapema itabaki kunata vidoleni. Ukichelewa itakuwa peremende, na hiyo wape watoto. Iache ipoe hadi uweze kuifinyanga. Nywele ziwe zimefika nusu sentimita hivi. Joto letu la Mombasa huilainisha halawa na jasho huizuia kushika, kwa hiyo fanya alfajiri au chini ya feni, ngozi kavu, poda kidogo. Paka kinyume na nywele zinakoelekea, kisha uivute kwa haraka kule zinakoelekea, mkono mwingine umeikaza ngozi. Nta ya dukani ni kinyume chake: hupakwa kwa mwelekeo wa nywele na kuvutwa kinyume. Inaunguza pia ikipashwa kupita kiasi. Halawa ikishapoa haina hatari hiyo, na mabaki yake huoshwa kwa maji tu. Anayetumia krimu za retinol (za chunusi na makunyanzi) usoni asithubutu yoyote kati ya hizo hapo, ngozi itatoka nayo.

Uso nauachia uzi. Krimu ya kuyeyusha nywele ni ya haraka, haiumi, harufu yake mtihani. Ijaribu mkononi siku moja kabla. Wembe ni rahisi na kwa anayefuata zile siku 40 za dini, za kutoacha nywele za kwapa na sehemu za siri zizidi, unatosha, ila wenye nywele za kujikunja hutoka vipele kwa sababu ncha hurudi ndani ya ngozi. Hao ndio leza huwafaa kweli. Na msichana anayeota ndevu huku hedhi yake inaruka miezi, aende kwa daktari kwanza, huenda ni homoni.

Mpango wangu kwa bibi harusi: halawa siku tatu kabla, singo siku inayofuata, hina baadaye. Piko, mwanangu, usiitie kwenye mkono au mguu uliotolewa nywele jana. Ile ni rangi ya nywele, na ngozi iliyochubuka hufura. Ukitaka nyeusi, hina ya majani iliyokaa usiku kucha itakupa rangi nzito ya kukutosha.