Somo: Namna ya kuhakiki "daktari wa kwanza mwanamke wa India"

Habari zenu. Kuna picha inazunguka sana wasapu, wanawake watatu wamekaa na mavazi ya kwao, Mhindi, Mjapani na mmoja wa Syria, chini imeandikwa ni madaktari wanawake wa kwanza wa nchi zao. Nimeulizwa sana, basi tuifanyie kazi pamoja.

Hatua ya 1: linganisha tarehe. Picha ni ya kweli kabisa, ilipigwa Oktoba 1885 kwenye chuo cha Woman's Medical College of Pennsylvania. Lakini Anandibai Joshi, yule Mhindi, alimaliza Machi 1886, na wale wenzake Kei Okami (Mjapani) na Sabat Islambouli (wa Syria) walimaliza baadaye zaidi, kwa hiyo siku ile wote walikuwa bado wanafunzi.

Hatua ya 2: uliza, wa kwanza kufanya nini? Hapa ndo watu wengi wanachanganya, maana kupata shahada ni kitu kimoja, kutibu wagonjwa ni kingine. Anandibai alipata shahada Marekani, akapewa nafasi hospitali ya Kolhapur, ila alirudi anaumwa kifua kikuu akafariki Februari 1887 kabla hajatimiza miaka 22, hakuwahi kufanya kazi ile. Inauma sana ukiisoma. Mwaka huohuo wa 1886 Mhindi mwingine, Kadambini Ganguly, alipata cheti cha udaktari cha GBMC (mhitimu wa chuo cha udaktari cha Bengal) hukohuko India, pale Calcutta Medical College, akatibu watu miaka mingi, na 1893 akaenda Uingereza kuongeza sifa.

Hatua ya 3: tafuta karatasi za wakati ule, rejista za vyuo, magazeti, kesi. Na usiyaruke magazeti ya maadui! Mwaka 1891 gazeti la Bangabasi lilimtukana Kadambini kama mwanamke asiye na heshima, akaenda mahakamani, mhariri akafungwa miezi 6 na faini rupia 100. Sasa gazeti linalomchukia halina sababu ya kumpamba, likimsema kwa kazi yake ya udaktari basi ujue kazi ilikuwepo na mji mzima unaijua. Mimi ushahidi wa namna hii nauamini kuliko sifa za kwenye posti.

Hatua ya 4: tafuta kwa majina yote. Kwa mfano Anandibai: Joshi, Joshee, na kabla ya ndoa aliitwa Yamuna.

MASWALI

Swali: Mwalimu, nataka jina moja tu la kuwaambia wanangu.
Jibu: Dada, waambie mawili. Shahada au cheti cha udaktari, Anandibai na Kadambini wote 1886. Kutibu nchini kwao, Kadambini.

Swali: Mbona kwingine nasoma ni Rukhmabai?
Jibu: Huyo naye Mhindi, alimaliza udaktari London 1894, miaka 8 nyuma yao, kwa hiyo "wa kwanza" hapana. Ila msimwache! Aliozeshwa akiwa mtoto wa miaka 11, akakataa kwenda kuishi na mume, 1887 mahakama ikamwambia nenda kwa mumeo au jela miezi 6, akasema bora jela. Mwaka uliofuata wakamalizana kwa rupia 2,000, akaenda kusoma, akarudi kufanya kazi Surat miaka na miaka.

Swali: Kaka, Wazungu si walitangulia?
Jibu: Ndiyo. Clara Swain, Mmarekani, alifika Bareilly 1870, na Mary Scharlieb, Mwingereza, alianza Madras Medical College 1875. Ndo maana "daktari mwanamke wa kwanza India" na "Mhindi mwanamke wa kwanza" usiziweke kapu moja.

Swali: Na wakunga je, hao si walikuwa wanatibu tangu zamani?
Jibu: Swali zuri sana. Wakunga wa jadi, kule wanaitwa dai, walizalisha akina mama vizazi na vizazi kabla ya vyuo hivi. Kwa hiyo ukiandika, ongeza "wa tiba ya kizungu", usiwafute.