Triga ya bastola ya rangi imekufa? Usikimbilie kununua nyingine

Naongelea bastola ya kupulizia rangi gari jamani, sio ile ya kumilikiwa kwa kibali. Niko gereji huku Nyakato, Mwanza, na madogo wananiletea sana hizi, "fundi triga nzito", "fundi triga hairudi", kumbe ni springi tu au hata sio springi.

Kwanza elewa hivi. Triga inaenda kwa awamu mbili. Ukivuta kidogo inasukuma valvu ya hewa tu, unasikia psss, rangi hamna. Ukiendelea kidole kinakutana na uzito mwingine, hapo ndo imeikamata sindano, ule mchuma mwembamba unaoziba tundu la rangi kule mbele (nozeli), na rangi inaanza. Ukiachia inakuwa kinyume, sindano inafunga kwanza halafu hewa inamalizia. Kila awamu ina springi yake, kwa hiyo sikilizia uzito umeanzia wapi, mwanzoni au katikati.

Hatua ya 1: chomoa mpira wa kompresa, vuta triga hewa iliyobaki iishe, mwaga rangi, pitisha thina.

Hatua ya 2: fungua ile nobu ya rangi kule nyuma, taratibu, maana springi inaruka na ikishaingia kwenye mchanga wa gereji utaitafuta mpaka jioni. Sasa kabla hujaigusa springi, sukuma sindano mbele na nyuma kwa kidole. Inatakiwa iteleze. Ikigoma, basi ni pakingi (ile sili inayobana sindano rangi isivuje nyuma) imekazwa sana au rangi imekaukia humo, legeza nati ya pakingi robo mzunguko, safisha, jaribu tena. Mara nyingi kesi inaishia hapa hapa.

Hatua ya 3: ibiringishe springi juu ya kioo. Iliyopinda inayumba, unaiona. Cheki na kutu, maana maji ya kompresa yakilala humo haichukui muda.

Usiivute kwa mikono irefuke!! Mimi nilifanya hivyo zamani, ikakaza asubuhi, mchana ikalegea nikiwa napiga kilia, ile rangi ya mwisho isiyo na rangi ya kung'arisha, kwenye boneti ya IST ya mteja, sindano haikufunga, tone likashuka katikati kabisa, nikasugua upya kwa hela yangu. Na springi ya kalamu nayo hapana, triga inakuwa laini tamu lakini sindano haikai kwenye nozeli. Wengine wanakaza nobu ili triga iwe kali, sawa inakuwa kali, ila umeifupishia sindano safari na rangi inapungua. Nenda dukani na springi ya zamani mkononi, linganisha urefu, unene wa waya na idadi ya mizunguko.

Hatua ya 4: springi ya valvu ya hewa, kwa bastola nyingi za bei rahisi iko chini ya sindano, unaikagua hivyo hivyo.

Hatua ya 5: rudishia, paka mafuta kidogo yasiyo na silikoni kwenye sindano pale inapopita pakingi. Silikoni ikigusa rangi unapata vile vishimo kama macho ya samaki, na samaki tunao wa kutosha kule soko la Mwaloni.

Hatua ya 6: weka thina, pulizia kwenye boksi, achia triga polepole sana. Hewa ikikata wakati thina bado inatoka, sindano inachelewa, rudi hatua ya 2.