Straipa wa Januari

Mimi ni mtoto wa Mwanza. Nimekua nikijua samaki mkubwa ni sangara, na baridi ni ile ya alfajiri mwezi wa saba. Sasa naishi kaskazini mwa Dallas, na Januari, wenzangu wakiwa wamejikunyata ndani na hita, mimi nipo Ziwa Texoma, mpakani mwa Texas na Oklahoma, namtafuta straipa.

Straipa ni samaki wa rangi ya fedha, ana mistari myeusi saba au minane ubavuni. Asili yake ni Bahari ya Atlantiki, hupanda mitoni kutaga. Hapa alipandikizwa kuanzia 1965, na kwa bahati nzuri Mto Red na Mto Washita ni mirefu kiasi cha mayai yake kuelea na mkondo hadi yaanguliwe. Ndiyo maana Texoma anazaliana mwenyewe, wakati maziwa mengine mengi ya huku kila mara lazima yaongezewe vifaranga.

Wanaorudi mikono mitupu msimu huu, wengi wanamvua kama vile bado ni Juni. Wanatupa, wanavuta mbio, wanahama. Ujue anachokula. Kuna samaki mdogo anaitwa shadi, ndiye dagaa wa ziwa hili, na aina yake moja haivumilii baridi kabisa. Maji yakikaribia nyuzi 5 za Selsiasi wanaanza kufa: wanalala ubavu, wanatetemeka kidogo, wanazama. Straipa anawangoja chini, hana haja ya kukimbizana na mtu. Kwa hiyo chambo chako kinatakiwa kifanane na shadi anayekata roho, si shadi mzima anayetoroka.

Kumpata, anza na ndege. Shakwe wakipiga mbizi mahali pamoja, hiyo haihitaji mwalimu. Ila hata wakiwa wametulia juu ya maji kama kundi la bata, usiwapite. Mara nyingi wamekaa pale walipokula, na wanasubiri chakula kipande juu tena. Zima injini mbali, acha upepo ukusogeze, uangalie sona, kile chombo kinachoonyesha samaki walioko chini ya boti. Straipa mimi huwakuta zaidi kwenye kina cha mita 9 hadi 15, kando ya mkondo wa zamani wa mto au pale ncha ya nchi kavu inapoteremkia majini. Siku moja kabla upepo wa kaskazini haujaingia wanakula vizuri sana. Siku ya pili yake, jua kali na anga jeupe, mimi hulala.

Vifaa si vingi. Fimbo ya futi saba, mshipi wa kuhimili kilo 7 hadi 9, ndoano yenye kichwa cha risasi cha gramu 14 hadi 28, na juu yake samaki wa mpira mweupe wa urefu wa kiganja. Shusha mpaka iguse chini, pandisha mizunguko miwili ya rili (kile kigurudumu cha kukunjia mshipi), halafu... usifanye kitu. Kweli. Shika fimbo tu. Boti likiyumba, chambo nacho kinayumba, inatosha. Ukitaka kutupa mbali na kuvuta, zungusha polepole mpaka uone unachelewa, kisha upunguze tena nusu. Mzee mmoja wa Bukavu ninayevua naye aliniambia mwaka wa kwanza, "Mdogo wangu, unaharakisha nini? Samaki ana basi la kuwahi?"

Usitegemee kushtuliwa. Kwenye baridi straipa hapigi. Unahisi tu uzito, kama chambo kimenasa jani bichi. Au mshipi unalegea ghafla, maana amekichukua huku anapanda. Hapo usikurupuke. Zungusha rili mpaka uzito ukae mkononi, ndipo uinue fimbo. Nimepoteza samaki wengi kwa kuvuta na pupa.

Asubuhi moja kulikuwa chini ya sifuri, na matone ya maji yakaganda kwenye pete za fimbo bila mimi kuona. Samaki mzito akashika, akakimbia, mshipi ukakwama kwenye barafu, ukakatika. Tangu siku hiyo napaka pete zote mafuta ya midomo kabla sijatoka nyumbani, na kila baada ya muda nazikagua kwa kidole.

Jaketi la kuokolea livae, usilikalie. Ziwa hili ni pana, upepo wa kaskazini unalichafua kwa dakika chache, na ukitumbukia, baridi inakulegeza mikono kabla hujafika popote. Leseni nunua ile ya Texoma yenyewe, ukubaliwe pande zote mbili za mpaka. Kiwango ni samaki 10 kwa siku, na kati yao wenye inchi 20 au zaidi wasizidi wawili; sheria hubadilika, zisome kila msimu.

Ukimpata wa kula, mkate matamvua mara moja damu itoke. Nyumbani, ukishatoa minofu na ngozi, iondoe ile nyama nyekundu ya ubavuni, ndiyo yenye shombo. Na kichwa usitupe. Wazungu bandarini wananipa vya kwao bure, wanadhani nafuga paka. Kwangu kinaingia sufuriani na ndimu, nyanya na pilipili mbuzi, na ugali unasongwa kabla sijavua buti.