Kukigeuza chumba kiwe kamera, kwa waliokwama ndani na karata zimewachosha

Mpwa wangu alivunjika mguu, akafungwa hogo, akaambiwa wiki sita ndani. Wiki ya kwanza simu ilitosha, ya pili akaanza kuichukia simu, ya tatu akaanza kunichukia mimi. Karata tumecheza mpaka zimechakaa. Ndo nikakumbuka kitu nilichowahi kujaribu zamani nikashindwa: unaziba dirisha lote, unatoboa tundu moja, na ya nje yote yanakuja ukutani na rangi zake, yanatembea kabisa, ila kichwa chini miguu juu. Haitaki umeme wala bando. Safari hii tumefanikiwa.

Hatua ya 1: Dirisha

Linalotazama vitu vilivyopigwa na jua, sio linalopigwa na jua lenyewe. Asubuhi dirisha la magharibi, jioni la mashariki. Siku ya mawingu lala tu. Ukuta wa mkabala kama sio mweupe tundika shuka jeupe.

Hatua ya 2: Giza (hapa ndo pana kazi)

Mara ya kwanza nilitundika blanketi zito, nikakaa asubuhi nzima natazama ukuta wa kijivu, nikasema hawa watu wa mtandaoni waongo. Kumbe mwongo ni blanketi. Blanketi linapitisha mwanga kwenye nyuzi, linapitisha pembeni, na ukiligusa kidogo linaachia kona. Usitumie blanketi, usitumie pazia, hata uyakunje mara tatu. Tumia maboksi. Kata yaingie kwenye fremu, yapandane kwenye maungio kama vigae vya paa, ukiwa na karatasi ya foili ziba nayo nyufa.

Tepu nayo ina maneno. Selotepu ile ya kuona ndani inapitisha mwanga, yaani umeziba halafu hujaziba. Ile ya kahawia inashika vizuri ila siku ya kuitoa inaondoka na rangi ya ukuta. Mi natumia ile ya karatasi ya mafundi rangi, juu ya maboksi mawili yaliyopandana, basi.

Kabla hujatoboa chochote, zima taa, funga mlango, kaa dakika tano. Mwanga unaovuja utajionyesha wenyewe. Chini ya mlango (weka taulo), tundu la ufunguo, matundu ya hewa juu ya dirisha ambayo mi niliyasahau kabisa mpaka mpwa akayaonyesha kwa gongo lake, hadi kale kataa kekundu ka kwenye televisheni. Ukinyoosha mkono ukaweza kuhesabu vidole vyako, bado, rudi kwenye tepu. Chumba kitapata joto, kwahiyo mkitaka kupumzika fungueni mlango, na tafadhali msiwashe mshumaa humo.

Hatua ya 3: Tundu

Kata kidirisha cha sentimita 10 kwenye boksi, halafu juu yake bandika kipande cha karatasi ngumu chenye tundu la sentimita 1. Ukifanya hivi unaweza kubadilisha vipande bila kubomoa kazi yote. Tundu dogo picha inakuwa kali lakini hafifu, kubwa inang'aa lakini inavurugika. Ukilipanua upana mara mbili mwanga unaongezeka mara nne, sasa usiwe na pupa na mkasi. Kwa chumba cha mita 3 sentimita 1 inatosha.

Hatua ya 4: Subiri

Dakika 10 kwa uchache, 20 ndo vizuri, macho yazoee giza. Ukichungulia simu mara moja tu unaanza upya. Sisi dakika ya saba hivi mpwa akasema, "Anko, mbona kuna kitu chekundu kinacheza pale juu?" Shuka la watu, limeanikwa kwenye kamba huko nje, linapepea kuelekea darini kama moshi. Baadae akapita mtu na ndoo, anatembea juu chini na maji hayamwagiki, mpwa alicheka mpaka akashika mguu.

Inageuka kwa sababu mwanga unakwenda mstari ulionyooka: unaotoka juu ukipita tunduni unaishia chini, wa kushoto unaishia kulia. Ibn al-Haytham, yule mwanazuoni wa Basra, miaka kama 1000 iliyopita alipanga taa kadhaa mbele ya tundu, akiiziba taa moja doa lake tu ndo linapotea. Usiku tunaurudia kama mchezo: mmoja anakaa nje na tochi mbili, anaziba moja, wa ndani anasema ipi. Wengi wanakosea kushoto na kulia.

Hatua ya 5: Ukitaka zaidi

Chukua miwani ya kusomea ya namba +1, panua tundu kidogo, ishike kioo kimoja kwenye tundu, halafu simama na karatasi nyeupe mita 1 kutoka hapo. Picha inakuwa kali hadi majani ya mti unayaona. Ya +2 ni nusu mita. Sogeza karatasi taratibu mbele na nyuma. Jua likianza kuingia moja kwa moja ondoa miwani, inaunguza, na usiweke jicho kwenye tundu.

Jua lenyewe lina mchezo wake. Toa miwani, weka kipande chenye tundu la msumari, lione doa lake kwenye karatasi mita 3 ndani. Ni duara hata kama tundu ni la pembe nne, maana ile ni picha ya jua, na kila mita kutoka tunduni inaongeza upana wake kama milimita 9.

Kupiga picha: simu iegemee kitu, flashi zima, kamera iachie mwanga uingie sekunde 10 hadi 30.

Hogo limetoka juzi. Maboksi bado yako dirishani, kagoma nisiyatoe.